Kabla ya Kutia Saini: Mkataba wa Mafuta na Gesi kwa Mmiliki wa Haki za Madini Texas

Wasomaji wengi wa kijitabu hiki walizaliwa au kulelewa katika nchi ambako shamba ni la mwenye shamba, lakini kilichomo chini yake ni mali ya taifa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inayahesabu madini na mafuta kuwa sehemu ya ardhi ya umma. Sheria ya Petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 inaikabidhi Jamhuri ya Muungano umiliki wa mafuta na gesi iliyomo ardhini. Kongo nako utaratibu ni huo huo. Mtu aliyetoka huko akahamia Texas hana sababu ya kudhani kwamba gesi iliyolala chini kabisa ya miamba inaweza kuwa mali yake binafsi.

Hata hivyo, Texas jambo hilo linawezekana, na ni la kawaida. Haki ya mafuta, gesi na madini mengine inaweza kununuliwa, kurithiwa, kugawanywa na kukodishwa kama vile nyumba inavyokodishwa. Ndiyo maana barua ya kampuni ya mafuta inapofika sandukuni mwako haiwi amri wala notisi ya serikali. Ni pendekezo la biashara, nawe una haki ya kulikubali, kulikataa, au kulijibu kwa pendekezo lako mwenyewe.

Tunamwomba msomaji ashike jambo moja kuliko mengine yote. Kabla ya saini, karibu kila neno la mkataba linaweza kubadilishwa. Baada ya saini, karibu hakuna linalobadilika bila hiari ya kampuni. Na mkataba wenyewe unaweza kuendelea kuwepo hata baada ya aliyeusaini kufariki.

Ili maelezo yetu yaeleweke kwa urahisi, tutatumia mfano wa mjane wa kubuni. Marehemu mumewe, mzaliwa wa magharibi mwa Texas, alimwachia kwa wosia haki za madini katika shamba ambalo yeye hajawahi kuliona. Siku moja anapokea barua. Kampuni inampa malipo ya kusaini ya dola 500 kwa kila ekari kwa ekari zake 10, yaani dola 5,000, pamoja na mrabaha wa asilimia 12.5, kwa mkataba wa miaka 3. Anaombwa asaini mbele ya notari wa umma na kuirudisha karatasi ndani ya siku 10. Je, afanye nini?

Unamiliki nini hasa?

Kipande kimoja cha ardhi kinaweza kuwa na wenyewe wawili: mmoja wa uso wa ardhi, anayelima, kufuga na kujenga; mwingine wa madini yaliyo chini. Mgawanyiko huo hutokea pale mwenye ardhi wa zamani anapouza shamba lake akajibakizia madini. Katika mitaa mipya ya miji kama Fort Worth, mara nyingi nyumba huuzwa kwa namna hiyo; mnunuzi anapata nyumba na uwanja, lakini hapati gesi iliyo chini yake. Kinyume chake, mtu kama mjane wetu anaweza kumiliki gesi bila kuwa na hata hatua moja ya ardhi ya kukanyaga.

Ushahidi wa umiliki umo katika kumbukumbu zinazotunzwa na karani wa kaunti ilipo ardhi, wala si kaunti unakoishi wewe. Soma hati zako au zisomewe nawe ukiwepo, na utafute mambo mawili. La kwanza ni kama muuzaji yeyote wa zamani alijibakizia madini. La pili ni fungu lako halisi. Anayemiliki robo ya haki za madini katika shamba la ekari 40 ana ekari 10 halisi, na ni kwa ekari hizo 10 tu atakazolipwa.

Ikiwa mmiliki wa awali alifariki na mirathi haikushughulikiwa, kumbukumbu zitaendelea kuonyesha jina la marehemu, na malipo yanaweza kuzuiwa hadi warithi wathibitishwe. Ni vyema kulitengeneza jambo hilo mapema.

Pale ambapo ndugu kadhaa wamerithi bila kugawana, sheria ya Texas inamruhusu kila mmoja kukodisha fungu lake bila idhini ya wengine. Ndugu anayekataa kusaini hawezi kukizuia kisima kwa sababu hiyo peke yake. Yeye atapata sehemu yake ya faida, lakini baada ya gharama za kuchimba na kuendesha kisima kurudishwa. Kwa hiyo ni busara ndugu wakae kikao kabla mmoja wao hajasaini. Wamiliki wa ekari 40 wanaozungumza kwa sauti moja husikilizwa zaidi kuliko wanne wanaojadiliana kila mmoja peke yake.

Je, barua ni ya kukodisha au ya kununua?

Si kila barua inayofika ni ya kukodisha. Nyingine zinataka kununua haki zako moja kwa moja. Anayekodisha anabaki kuwa mmiliki, na mkataba ukiisha haki zinamrudia. Anayeuza ameondoka yeye na kizazi chake. Sheria ya Texas inamtaka anayekutumia kwa posta ombi la kununua pamoja na hati ya kuhamisha umiliki aweke tamko linaloonekana wazi kwamba kwa kusaini unauza haki zako zote au sehemu yake. Tafuta tamko hilo kabla ya kutazama kiasi cha fedha.

Malipo ya kusaini

Malipo haya hutolewa mara moja kwa kila ekari halisi, kisima kichimbwe au kisichimbwe. Ndiyo fedha inayovutia zaidi macho, na ndiyo sababu mawakala wa kampuni huanza nayo. Hata hivyo, katika mkataba unaozaa mafuta au gesi, mara nyingi ndiyo sehemu ndogo kuliko zote.

Angalia pia namna ya kulipwa. Baadhi ya kampuni humpa mmiliki hati ya benki inayosubiri siku 30 au zaidi, na kampuni inaweza kukataa kuilipa ikisema haikuridhika na uchunguzi wa umiliki. Wakati huo mmiliki amekwisha kukabidhi mkataba uliosainiwa. Omba malipo yafanywe siku ile ile ya kukabidhi mkataba, au mkataba uwekwe mikononi mwa wakili hadi fedha ziingie.

Mwaka 2008, katika eneo la Fort Worth lililo juu ya mwamba wa gesi uitwao Barnett, malipo ya kusaini yalipanda hadi kupita dola 20,000 kwa ekari. Bei ya gesi ilipoanguka baadaye mwaka huo huo, matoleo mengi yaliondolewa kabla watu hawajalipwa. Tukio hilo lina mafunzo mawili. Tarehe ya mwisho inayoandikwa katika barua mara nyingi ni ya kukuharakisha tu. Lakini soko nalo hubadilika kweli, na ahadi isiyolipwa si fedha. Fanya uchunguzi wako kwa utulivu, bila kulala.

Mrabaha, na maneno yanayoupunguza

Mrabaha ni fungu lako la mafuta au gesi inayouzwa, na hulipwa muda wote kisima kinapozalisha. Texas haina sheria inayoweka kiwango cha chini cha mrabaha kati ya kampuni na mmiliki binafsi. Asilimia 12.5, yaani moja ya nane, ni desturi ya zamani ambayo bado imechapishwa katika fomu nyingi. Siku hizi, katika maeneo yenye uzalishaji mzuri, mikataba ya asilimia 20 hadi 25 ni ya kawaida, na ardhi za jimbo la Texas zenyewe mara nyingi hukodishwa kwa asilimia 25.

Tufanye hesabu ya mjane wetu. Visima vya kisasa huchimbwa kwenda chini, kisha hugeuzwa na kulala kwa kilomita kadhaa ndani ya mwamba. Kwa sababu hiyo kampuni huunganisha ardhi za watu wengi kuwa kitalu cha pamoja. Chukulia kitalu cha ekari 640, ambamo mafuta na gesi ya dola 1,000,000 imeuzwa kwa mwezi mmoja. Fungu la mjane ni ekari 10 kati ya 640, likizidishwa kwa kiwango cha mrabaha. Kwa asilimia 12.5 atapata dola 1,953. Kwa asilimia 20 atapata dola 3,125. Kwa asilimia 25 atapata dola 3,906. Tofauti kati ya kiwango cha kwanza na cha mwisho ni dola 1,953 kwa mwezi, na miezi 3 tu ya tofauti hiyo inazidi dola 5,000 zote alizoahidiwa kwa kusaini. Ni kweli kwamba uzalishaji wa visima vya aina hii hushuka upesi baada ya mwaka wa kwanza, lakini uwiano kati ya viwango hivyo haubadiliki.

Hata hivyo kiwango peke yake hakitoshi. Gesi inayotoka ardhini hukusanywa, husukumwa kwa mashine za shinikizo, husafishwa na kusafirishwa kwa bomba kabla ya kuuzwa. Swali ni nani anayebeba gharama hizo. Ikiwa makato ni robo ya thamani, mrabaha wa asilimia 25 unageuka kuwa asilimia 18.75. Huo ni mdogo kuliko mrabaha wa asilimia 20 usio na makato.

Wamiliki wengi hudhani kwamba kuandika "hakuna makato" kunatosha. Mwaka 1996, katika kesi ya Heritage Resources dhidi ya NationsBank, mikataba ilikuwa imekataza makato kwa maneno hayo. Lakini mikataba hiyo hiyo ilisema kwamba mrabaha utakokotolewa kwa thamani ya soko pale kwenye kisima. Mahakama Kuu ya Texas ilisema kwamba thamani ya kwenye kisima hupatikana baada ya kuondoa gharama za kuifikisha gesi sokoni, hivyo katazo la makato halikuwa na kazi ya kufanya. Wamiliki walishindwa. Mwaka 2015, katika kesi ya Chesapeake dhidi ya Hyder, mahakama hiyo hiyo iliwapa wamiliki ushindi kuhusu aina moja ya mrabaha, kwa sababu mkataba wao ulisema wazi kwamba mrabaha huo haubebi gharama.

Kwa hiyo mwombe wakili wako aandike mambo matatu pamoja: kwamba mrabaha utakokotolewa kwa bei kamili inayolipwa na mnunuzi asiye na undugu wa kibiashara na kampuni, kwamba hakuna gharama yoyote baada ya kisima itakayokatwa, iwe moja kwa moja au kwa kupunguza bei, na kwamba maneno "kwenye kisima" hayatatumika popote katika kifungu hicho. Kodi ya uzalishaji ya jimbo ni jambo tofauti. Ni asilimia 4.6 kwa mafuta na 7.5 kwa gesi, na kwa kawaida mmiliki hubeba fungu lake la kodi hiyo.

Miaka 3 inayoweza kuwa 30

Mkataba wa mafuta una vipindi viwili. Cha kwanza ni muda wa awali, kwa kawaida miaka 3, ambao kampuni imepewa ili ianze kuchimba. Cha pili hakina tarehe ya mwisho: mkataba unaendelea maadamu mafuta au gesi inazalishwa kwa kiasi chenye faida. Kisima kidogo kinachodondosha mapipa machache kwa siku kinaweza kuufanya mkataba uishi kwa miongo kadhaa. Mwenye kusaini leo anawasainia pia wajukuu wake.

Zingatia vifungu vinne vinavyohusu muda:

Kwanza, kifungu cha kuongeza muda. Fomu nyingi huipa kampuni hiari ya kuongeza miaka 2 kwa bei iliyopangwa siku ya kwanza. Hiari hiyo inainufaisha kampuni peke yake. Ifute, au idai bei ya juu kuliko ya mwanzo.

Pili, kifungu cha kuachilia eneo, kinachojulikana kwa jina la Pugh. Bila kifungu hiki, kisima kimoja katika kona ya shamba kinaweza kuzishikilia ekari zako zote. Kikiwemo, ekari zisizo ndani ya kitalu chenye kisima zitarudi kwako muda wa awali utakapokwisha. Omba kihusu pia kina, ili miamba iliyo chini ya ile inayozalisha iachiliwe nayo.

Tatu, kifungu cha kisima kilichofungwa. Kampuni inaweza kukifunga kisima cha gesi kwa kukosa bomba au soko, ikaendelea kuushikilia mkataba kwa kukulipa fedha ndogo ya kila mwaka. Weka kikomo, kwa mfano miaka 2 kwa jumla.

Nne, kifungu cha kuunganisha ardhi. Usiipe kampuni ruhusa isiyo na mipaka. Taja ukubwa wa juu wa kitalu, na udai kwamba ardhi yako, kama ni ndogo, iingie yote katika kitalu kimoja.

Uso wa ardhi, maji na nyumba

Sheria ya Texas inaiweka haki ya madini juu ya haki ya uso wa ardhi. Aliyekodi madini anaweza kutumia sehemu ya uso inayohitajika kwa kiasi cha kuridhisha, kwa barabara, matangi na mabomba, hata kama mwenye uso hapendi. Mwaka 1971, katika kesi ya Getty Oil dhidi ya Jones, Mahakama Kuu ya Texas ilisema kwamba kampuni inaweza kulazimika kuyaheshimu matumizi yaliyokuwepo kabla yake, ikiwa ina njia nyingine ya kufaa ya kuchimba. Kinga hiyo ni finyu, na ni gharama kuipigania. Ni rahisi zaidi kuandika kinga yako ndani ya mkataba.

Ikiwa unamiliki madini pamoja na uso, una nafasi ambayo wengi hawana. Kama kiwanja ni kidogo, omba kifungu kinachokataza kabisa matumizi ya uso. Gesi itachimbwa kutoka kiwanja kingine na fungu lako litabaki pale pale. Kama ni shamba, taja umbali wa kisima kutoka nyumba, zizi na kisima cha maji. Dai fidia ya mazao na uzio. Dai maji ya kisima chako yapimwe na maabara huru kabla ya kuchimba na baada yake. Maji ya chini ya ardhi ni mali ya mwenye uso, lakini mkataba ukinyamaza kampuni inaweza kuyatumia kwa kiasi kinachohitajika. Andika kwamba itayanunua, au haitayagusa.

Namna ya kujadiliana

Anza kwa kuzijua habari ambazo kampuni inazijua. Railroad Commission of Texas, tume iliyoundwa mwaka 1891 kwa ajili ya reli na ambayo leo inasimamia mafuta na gesi, ina ramani ya wazi katika intaneti inayoonyesha visima na vibali vya kuchimba. Rekodi za uzalishaji nazo ni za wazi. Ukiona vibali vipya vimezunguka ekari zako, fahamu kwamba kampuni inazihitaji. Waulize majirani wamepewa nini.

Kisha jibu kwa maandishi. Usiseme tu kwamba fedha ni kidogo. Taja kiwango cha mrabaha, muda, makato na vifungu unavyotaka. Usikubali maelezo ya mdomo yanayopingana na karatasi. Wakala akikuambia kwamba kifungu fulani hakitumiki, mwombe akifute kwa kalamu na kuweka saini yake pembeni.

Tunashauri kwa mkazo kwamba mkataba usomwe na wakili aliyebobea katika sheria ya mafuta, gesi na madini. Jimbo la Texas lina utaratibu wa kuwathibitisha mawakili wabobezi wa fani hiyo. Kama Kiingereza cha kisheria kinakupa shida, mtafute mfasiri wako mwenyewe. Wakala wa kampuni hafai kuwa mfasiri wako, hata akiwa mtu wa kwenu na akikuita mama au kaka. Mtoto wa shule naye asibebeshwe kazi hiyo; anaweza kuyajua maneno yote na bado asijue uzito wake.

Fahamu pia kwamba kukataa kuna gharama zake. Texas hufuata kanuni kwamba mafuta na gesi ni mali ya yule anayeyatoa kihalali kupitia kisima kilicho katika ardhi yake, hata kama sehemu yake ilihama kutoka chini ya ardhi ya jirani. Mwenye ekari chache akikataa kila toleo anaweza kuachwa nje ya kitalu na asipate kitu. Lengo la majadiliano ni mkataba wa haki, si ushindi.

Vifungu viwili vya mwisho husahaulika. Fomu nyingi humtaka mmiliki atoe dhamana kwamba umiliki wake hauna kasoro. Ukiutoa, unaweza kudaiwa fedha ulizokwisha kutumia. Omba kifungu hicho kifutwe, kwa maana kampuni ndiyo yenye wataalamu wa kuchunguza. Aidha, mikataba huuzwa kutoka kampuni moja hadi nyingine. Dai kuarifiwa kwa maandishi kila unapohamishwa, na kwamba kampuni ya kwanza haitaondokewa na wajibu wake.

Baada ya saini

Kisima kikianza kuuza, utapokea hati ya mgawanyo inayoonyesha fungu lako kwa desimali. Irudie hesabu hiyo mwenyewe kama tulivyofanya hapo juu. Kwa sheria ya Texas, hati hiyo haibadilishi wajibu wa kampuni uliomo katika mkataba, lakini kosa la desimali lisiposahihishwa litakufuata kila mwezi.

Mkataba usiposema vinginevyo, malipo ya kwanza yanatakiwa ndani ya siku 120 baada ya mwisho wa mwezi wa mauzo ya kwanza. Baada ya hapo, ni siku 60 kwa mafuta na siku 90 kwa gesi baada ya mwezi wa mauzo. Malipo yanayochelewa bila sababu inayokubalika kisheria hudaiwa riba. Tunza kila karatasi ya malipo. Malipo ya kusaini na mrabaha ni mapato yanayotozwa kodi na serikali ya Marekani, na haki za madini zinazozalisha hutozwa pia kodi ya mali. Tenga sehemu ya fedha mapema.

Railroad Commission hutoa vibali, husimamia usalama wa visima na hupokea malalamiko ya uchafuzi. Haiamui migogoro ya mikataba na mrabaha. Hiyo ni kazi ya mahakama. Kwa kawaida madai ya kuvunjwa kwa mkataba yana ukomo wa miaka 4. Anayegundua makato ya miaka 10 iliyopita anaweza kuwa amechelewa kwa sehemu kubwa ya fedha yake.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kushika kalamu

1. Je, nimethibitisha fungu langu katika ofisi ya karani wa kaunti?
2. Je, karatasi hii inakodisha au inauza?
3. Mrabaha ni asilimia ngapi, na unakokotolewa kwa bei ya wapi?
4. Mkataba unaisha lini, na nini kinaweza kuuongezea muda?
5. Ekari zisizochimbwa zitanirudia lini?
6. Nani anaruhusiwa kuingia katika ardhi, na kutumia maji ya nani?
7. Fedha ya kusaini nitalipwa lini na kwa njia gani?
8. Nani, asiyelipwa na kampuni, ameusoma mkataba huu kwa niaba yangu?

Mjane wa mfano wetu akiyajibu maswali haya, huenda siku 10 za barua zikapita kabla hajamaliza. Asihofu. Kampuni inayozihitaji ekari zake kweli itajibu barua yake ya siku ya kumi na tano kama ambavyo ingejibu ya siku ya pili. Akisaini mwishowe, atakuwa anajua alichokikodisha, kwa muda gani na kwa malipo yepi, na wanawe watakaorithi mkataba huo wataweza kuusoma bila kumlaumu.

Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili kuhusu ardhi na mkataba wako mahususi.